Mkopo wa nyumba: benki inahesabu kinachobaki

Mimi ni mwalimu wa sekondari, umri miaka 36. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 2,000,000. Makato kwenye slipu: kodi 398,000, PSSSF (pensheni) 100,000, bima ya afya 60,000, Bodi ya Mikopo (mkopo wa chuo) 300,000. Niliomba mkopo wa nyumba wa milioni 55, riba asilimia 15, miaka 15. Wakasema mwisho wangu ni milioni 34, na sidaiwi na benki yoyote. Wamepigaje hesabu hiyo? – Mwalimu, Morogoro

Hudaiwi na benki, mwalimu, ila unadaiwa na Bodi ya Mikopo, na hapo ndipo milioni 21 zilipokwenda.

Makato yako yote ni 858,000, unabaki na 1,142,000. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, ile mnayoiita moja ya tatu. Kwako ni 666,667. Ukiitoa, nafasi ya rejesho inabaki 475,333 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 15 inayopungua na deni, kwa miaka 15, kila milioni moja ya mkopo inakula kama shilingi 14,000 kwa mwezi. Gawanya, unapata milioni 34 kasoro kidogo. Hakuna aliyekuonea.

Sasa itazame ile 300,000 ya Bodi, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Ingekuwa wazi, ingebeba mkopo wa milioni 21 na ushee. Kwa hiyo kabla hujabishana na afisa mikopo, uliza salio lako Bodi. Kama limebaki milioni 3 au 4, maliza deni hilo kwanza kwa akiba yako. Kisha subiri kato lifutike kwenye slipu. Wengi hukimbilia benki na barua ya kumaliza deni huku slipu bado inakata, wanarudishwa, kwa sababu mfumo wa benki unasoma slipu.

Usishawishike kuvuta muda hadi miaka 20. Kwa rejesho lile lile ungepata kama milioni 36, yaani milioni 2 tu za ziada, halafu ulipe marejesho 60 zaidi: milioni 28 na nusu. Riba ndiyo inayotangulia. Kwenye rejesho lako la kwanza la mkopo wa milioni 34, kama 425,000 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa elfu hamsini hivi. Njia iliyo bora ni kuunganisha kipato na mwenzi wako, mkasaini wote wawili, mkijua kwamba wote mtadaiwa.

Na milioni 34 si bei ya nyumba. Benki kwa kawaida hutaka mchango wako wa asilimia 10 hadi 20, na ada za mthamini, mwanasheria, usajili wa rehani na bima hutoka mfukoni mwako. Mthamini akisema nyumba ina thamani ndogo kuliko bei ya muuzaji, benki inafuata ya mthamini, na pengo unaliziba mwenyewe.

Nauza vitenge Kariakoo. Simu na benki vinapitisha milioni 40 kwa mwezi, lakini benki imeandika kipato changu ni milioni 2.5. Si dharau hii? – Mama Vitenge, Dar es Salaam

Si dharau, mama. Milioni 40 ni mzunguko. Afisa anaanza kwa kufuta pesa uliyohamisha mwenyewe kutoka simu kwenda benki, maana imehesabiwa mara mbili. Tuseme ni milioni 12: zinabaki 28. Faida ya asilimia 15 ni milioni 4.2. Toa kodi ya fremu, mshahara wa kijana wa dukani, umeme, mzigo uliokopeshwa usiolipwa, unafika kwenye 2.5 bila shida.

Ukitaka namba ipande, tenga akaunti ya duka na ya nyumbani, uingize mauzo yote benki kwa miezi 12 mfululizo. Pia hesabu unazopeleka TRA zifanane na unazoleta benki. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hukwama: TRA waliambiwa biashara ni ndogo, benki wanaambiwa ni kubwa, na benki itachukua ile ndogo.

Nyumba ninayoitaka Mbagala ina karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa tu. Inafaa?

Kwa mkopo wa nyumba wa miaka mingi, hapana. Benki inataka hati miliki inayoweza kusajiliwa rehani, na itafanya upekuzi kwa msajili wa hati kuona jina la mwenye nyumba na kama kuna zuio. Leseni ya makazi nayo ina muda mfupi mno kwa mkopo huu. Mwambie muuzaji akamilishe upimaji na hati kabla hujampa malipo ya awali.

Kama una mwenzi, usiandike kwenye fomu kwamba hujaoa au hujaolewa ili kukwepa saini yake. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zote zinamlinda.

Nilichelewesha mkopo wa simu wa shilingi 20,000 mwaka jana. Unaweza kuniangusha?

Unaweza. Benki huomba taarifa zako kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, na mikopo ya simu inaweza kuonekana humo. Omba ripoti yako mapema. Deni ulilolipa likiwa bado linasomeka wazi, peleka uthibitisho wa malipo kwa aliyekukopesha alisahihishe. Angalia pia kama uliwahi kumdhamini mtu, maana deni lake benki huliuliza kwako. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, huenda isionekane kwenye ripoti, lakini makato yake ya kila wiki afisa atayaona kwenye taarifa ya akaunti yako, na atakuuliza ni ya nini.