Kibali cha usalama Marekani: madeni yako wanayajua tayari

Kijana mmoja kaniandikia. Kapata kazi kwa mkandarasi wa jeshi la Marekani, kazi inayohitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, ila ana deni la kadi ya benki lililofika kwa wakusanya madeni, na chuoni aliwahi kuvuta bangi. "Dada, niyaandike yote hayo?"

Yaandike, mdogo wangu.

Mimi nilijaza SF-86, fomu ya kuombea kibali hicho, nikiwa na bili za hospitali, kwani mume wangu alikuwa ameachishwa kazi na bima ikakatika. Mkubwa wangu kazini alinicheka mbele za watu: mwenye madeni haaminiki na siri. Bado linaniuma. Siku ya mahojiano mpelelezi alikuja na ripoti yangu ya mikopo, akawa anagusa kila deni kwa ncha ya kalamu: hili limetokana na nini? Umeshalipa kiasi gani? Nikamtolea makubaliano ya malipo na risiti zake, mwezi baada ya mwezi. Kibali nilipata, na yule bwana alisikia.

Kuna vigezo 13 vya kuamua nani apewe kibali, vinavyotumika tangu Juni 2017. Cha fedha kinaitwa F, na ndani yake mmeandikwa wazi kwamba kupoteza kazi, ugonjwa au talaka ni sababu za kupunguza uzito wa deni lako, mradi ulijitahidi kulipa. Kinachowatisha wanaoamua ni mtu anayeweza kununuliwa au kutishwa. Kwa hiyo deni lenye mpango wa malipo linaeleweka. Kodi usiyoitolea ritani miaka na miaka, hapo una kazi ya kujieleza.

Kigezo E ni mwenendo, na uongo kwenye fomu unaangukia humo. Tena ni kosa la jinai, hadi miaka 5 jela. Jamani, mbona watu wanahatarisha hayo kwa ajili ya bangi ya zamani? Acha kabisa kabla ya kujaza, na usijitetee kwamba jimbo lako linairuhusu. Wao wanatazama sheria ya shirikisho.

Ukiletewa barua ya sababu za kukunyima, ijibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, kipengele kwa kipengele, na risiti uambatanishe. Kurasa tatu za machozi bila risiti hata mimi nisingezisoma.