Usisukumwe kujibu kabla ya Aprili 15

Mdogo wangu nimekuelewa, chuo kimoja Marekani kimekupa nafasi ya PhD na ufadhili juu, kile unachokitamani hasa kimenyamaza, na mamako hapo Kisauni kila siku anauliza umeamua nini. Pole, kungoja huko kunachosha roho wallahi.

Kwanza usikimbilie kusaini. Vyuo vingi vya Marekani viko kwenye makubaliano ya Council of Graduate Schools, ule umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15, kwa hivyo angalia kama chako kimo kwenye orodha yao, na kile kilichonyamaza kiandikie imeili fupi ya adabu, waambie una ofa nyingine na siku yako ya mwisho ni lini, uulize faili lako limefika wapi. Si utovu wa heshima, watu huuliza.

Kuchagua sasa, mimi jina la chuo silipi uzito sana. Watafute wanafunzi wa yule profesa atakayekusimamia uwaulize faraghani, anawasimamia vipi, wanamaliza kweli, ile pesa inatosha kodi na chakula ama mpaka ukope? Bima je? Na ile miezi ya likizo kuu hulipwa? Hapo ndipo wengi huumia.

Halafu viza, intavyuu ni ubalozini Nairobi na huwezi kuomba bila fomu ya I-20 kutoka chuoni, ile ya kuthibitisha wamekupokea, basi ukishaamua usikae nayo. Mama mpe tu hiyo tarehe ya Aprili 15, atatulia.