Vijana wamefuzu, kisha wamerudi kupuliza dawa: tumekosea wapi?

SWALI: Nasimamia mafunzo ya kilimo endelevu kwa vijana. Kwa wiki 3 tunawafundisha darasani kutengeneza mboji, kubadilisha mazao na kudhibiti wadudu bila sumu. Mtihani wanaufaulu vizuri tu. Ukifika msimu wa pili, wengi wanapuliza dawa kwa ratiba kama zamani, na wengine wameacha kulima. Tuongeze muda wa mafunzo au tuwape vifaa zaidi?

JIBU: Kabla ya kugusa muda au vifaa, tazameni kalenda yenu. Wiki 3 ni siku 15 za masomo. Zikigeuzwa kuwa nusu siku mara moja kwa wiki, mnapata wiki 30: zinatosha kuanzia kuandaa shamba hadi kuuza mavuno, na zinabaki nyingine za kuwafuata vijana makwao. Sasa hivi mnamfundisha kijana habari za mdudu ambaye hajamwona akila, na mboji ambayo hajaigusa ikiwa ya moto. Siku akikuta majani yametoboka yuko peke yake na hofu yake, na chupa ya dawa ndiyo jibu lililo karibu. Mimi simlaumu hata kidogo.

Utaratibu wa kufuata msimu mzima ndio msingi wa shamba darasa, yaani wakulima kujifunza kwa vikundi shambani kwenyewe, lililoanza mwaka 1989 nchini Indonesia kwa wakulima wa mpunga. Walikuwa wameandamwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu, na kadiri walivyopuliza ndivyo alivyozidi. Dawa iliua buibui na wadudu rafiki wengine wanaomla mdudu huyo, ilhali mayai yake yalisalimika ndani ya shina. Tayari mwaka 1986 serikali ilikuwa imepiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, lakini marufuku haimfundishi mtu kusoma shamba. Hiyo ilibidi ifanyike shambani, wiki baada ya wiki.

Nanyi fanyeni hivyo. Gawanyeni shamba la mafunzo vipande viwili, kimoja kilimwe kwa mazoea ya kawaida, kingine kwa maamuzi ya vijana wenyewe. Kila wiki, vikundi vya watu 5 hivi viingie asubuhi, vichague mimea kadhaa bila kupendelea, vihesabu majani, wadudu waharibifu na wadudu rafiki, kisha vishike unyevu wa udongo kwa mkono. Wakitoka wachore: mmea katikati, waharibifu upande mmoja, marafiki upande wa pili, hali ya hewa juu. Ndipo waamue la kufanya wiki hiyo, na waandike sababu. Mkufunzi ajizuie kutoa jibu. Akiulizwa "huyu ni mdudu gani?" naye aulize: "Ulimkuta wapi? Alikuwa anafanya nini?" Kama hawana hakika, wamtie kwenye chupa yenye matundu pamoja na buibui, wasubiri hadi kesho yake waone nani kamla nani.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Waacheni vijana wakate kwa mkono sehemu ya majani ya mimea michache ikiwa bado michanga, waiwekee alama, na siku ya mavuno waipime pamoja na mimea ambayo haikukatwa. Mazao mengi hufidia majani yaliyopotea mapema. Kijana aliyepima hayo kwa mizani hatishwi na kila tundu analoliona.

Wanaoacha kulima kabisa wana tatizo jingine, na hapo masomo pekee hayawatoshi. Mboji huachia virutubisho polepole, na udongo uliochoka hauponi kwa msimu mmoja. Hata sheria za kilimo hai zinakubali hivyo: Marekani inataka shamba likae miezi 36 bila viambato vilivyokatazwa kabla ya zao kuuzwa kwa nembo hiyo. Kijana mwenye ardhi ya kukodi mwaka hadi mwaka anaujenga udongo, kisha mwenye shamba anauchukua. Kwa hiyo msaada wenu mkubwa unaweza kuwa karatasi: mkataba wa ardhi wa miaka 3 au zaidi, mkiwa mashahidi. Na asigeuze shamba lote mara moja. Aanze na robo, kwa mikunde na matandazo, huku sehemu iliyobaki ikimlisha.

Vifaa wapeni vya kutumia kwa pamoja, basi. Fedha itakayobaki mlipieni nauli kijana mmoja au wawili waliohesabu na kuandika kwa uangalifu msimu uliopita, wawe wanawatembelea wenzao kila baada ya wiki mbili na kuingia nao shambani. Nitumieni michoro yenu ya wiki ya 6. Hapo ndipo hamu ya kupuliza huwa kali, na ningependa kuona waliamua nini.