Kumwaga oili ya giaboksi otomatiki mwenyewe: anza na oili, spana baadaye

Mtu akinunua gari ya otomatiki kwa mara ya kwanza na kutaka kumwaga oili ya giaboksi nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni spana namba ngapi. Hilo ni dogo. Ukiiharibu giaboksi kwa mikono yako, mara nyingi utaiharibu kwa oili isiyo yake au kwa kipimo kibaya, na hayo yote yanawezekana hata kama bolti umeifunga vizuri na hakuna tone linalovuja.

Tuanze na oili basi. Ukifika dukani ukasema "nipe haidroliki", utapewa oili nyekundu inayolingana na pesa uliyoshika, na huenda ni ileile wanayowauzia watu wa stelingi. Usinunue hivyo. Toyota peke yake ina aina kadhaa. Zile za gia nne za miaka ya mwanzoni mwa 2000, kama IST ya kwanza, Fielder NZE121 na Premio ya cc 1500, zinatumia T-IV. Premio hiyohiyo ikiwa na injini ya cc 2000 ni CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, jambo ambalo wenye nazo wengi hawalijui. Toyota nyingi zilizokuja baadaye zinatumia WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV, na hizo mbili hazibadilishani. Vitz nyingi za kuanzia 2005 nazo ni CVT. Kwa Nissan, X-Trail T30 ya otomatiki inatumia Matic-D, lakini T31 ya CVT inataka NS-2. Gari zenye jina moja, oili tofauti.

CVT ndiyo isiyosamehe. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kwenye puli, na oili yake imetengenezwa ili chuma kikibana chuma kisiteleze. Ukiweka ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza na kukwaruza puli, na puli ikishakwaruzika hakuna oili itakayoirudisha. Kwenye giaboksi ya kawaida kosa la oili huja polepole: gari ikiwa kwenye mwendo wa kutulia, unasikia mtetemo kama unapita kwenye rasta za barabarani, na watu wanaanza kubadilisha plagi na engine mount (raba za kushikilia injini) bure.

Kujua aina yako si kazi. Toyota nyingi za zamani zimeandikwa kwenye dipstiki yenyewe, kile kijiti cha kupimia oili. Kitabu cha gari kinaweza kuwa cha Kijapani kitupu, lakini herufi "T-IV" au "WS" utaziona tu. Ukikwama, muuza spea anayejua kazi atatafuta kwa namba ya chesisi. Akikwambia "hii inaingia gari zote", mshukuru, nenda duka la pili.

Sasa chini ya gari. Paki mahali tambarare, vuta handibreki, weka magogo kwenye tairi, na ukishanyanyua kwa jeki weka stendi kabla ya kuingiza hata kichwa. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Hapo sibishani na mtu.

Bolti ya kumwagia oili ya injini na ya giaboksi ziko jirani, na wageni huzichanganya. Kwenye hizi Toyota za injini ya kukingama, giaboksi iko upande wa kushoto ukiwa umekaa ndani ya gari. Bolti yake kwenye Corolla na ndugu zake ina tundu la pembe sita, unaifungua kwa spana ya L ya mm 10. Ya injini ina kichwa cha kawaida cha 14. Kama iliyotoka ni nyeusi na inanuka moshi wa injini, umefungua isiyohusika: funga, na usiwashe gari mpaka uirudishe oili ya injini.

Gari isiyo na dipstiki ya giaboksi ina utaratibu mwingine. Hakikisha kwanza bolti ya kujazia inafunguka, ndipo uguse ya kumwagia. Kipimo chake kinachukuliwa injini ikiwa inaunguruma, gari iko mahali tambarare, oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa Toyota za WS kama nyuzi 35 hadi 45. Kama huna kifaa cha kusoma joto hilo, mpe fundi mwenye mashine.

Mwagia kwenye chombo chenye alama za lita. Corolla ya gia nne inabeba karibu lita 7, ila ukifungua bolti zinatoka kama 3 tu. Nyingine zimebaki kwenye torque converter (kiungo cha injini na giaboksi) na njia zake. Ndiyo maana kumwaga mara moja kunakupa oili mpya isiyofika nusu. Ukirudia baada ya kutembea siku chache unafika theluthi mbili, na mara ya tatu kama asilimia 80. Kwa gari ambayo historia yake huijui, napendelea njia hii kuliko mashine ya kusukuma yote kwa presha. Na kama gia zimeshaanza kuteleza na oili imeungua, oili mpya haitafufua klachi zilizokwisha. Watu husema "nilibadilisha oili ikafa", kumbe ilikuwa inakufa tayari.

Funga bolti, kisha rudisha kiasi kilekile kilichotoka kupitia mrija wa dipstiki, kwa faneli ndefu, polepole. Kisha ndipo kazi yenyewe inaanza. Endesha kilomita 15 hadi 20 oili ipate moto, paki mahali tambarare, acha injini inaunguruma. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia zote kutoka P hadi ya mwisho, ukitulia sekunde chache kila moja, rudi P. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Soma pande zote mbili na uamini upande wa chini, kwa sababu mrija wa dipstiki ukiwa umetoka kujazwa huwa umepakaa oili ukutani na upande mmoja unadanganya. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Ukitoka kwenye foleni ya mchana au safari ndefu ya kasi, subiri kama nusu saa kwanza, maana ikiwa na moto kupita kiasi kipimo hakisemi kweli. Honda wao wanapima injini ikiwa imezimwa, muda mfupi tu baada ya kuizima, kwa hiyo usibebe mazoea ya Toyota kwenda Fit.

Ikizidi, punguza. Usiseme "itajipunguza". Oili iliyozidi inachapwa na gia mpaka inatoa povu, na pampu ikivuta povu, gia zinachelewa kuingia kama vile oili ni pungufu. Kwa hiyo gari ikianza kusita kuingia D au rivasi siku mbili baada ya kazi yako, chomoa dipstiki kabla hujampigia fundi simu, kisha chungulia chini kama bolti inavuja.