Hesabu mipira kabla ya kuhesabu kilo: kwa wanaoanza kriketi ya kulipwa

Wadogo zangu mliosaini mkataba wa kwanza msimu huu, nimekuwa mrushaji wa kasi kwa miaka tisa, kisha nikahamia upande wa pili, kwenye saa na daftari la mazoezi. Mengi nitakayosema niliyajua baada ya mwili kuniadhibu.

Kabla ya msimu wangu wa kwanza nilifika kambini nikitoka mapumziko ya wiki tano. Wiki zote hizo nilikimbia kila asubuhi, nikanyanyua vyuma, nikajiona niko tayari. Kitu kimoja tu sikukigusa: mpira. Siku ya pili ya kambi nikaingia kwenye nyavu za mazoezi nikarusha ova 12, kila ova mipira sita, kwa nguvu zangu zote, maana kocha mkuu alikuwa amesimama nyuma ya wavu. Kesho yake nikarudia. Wiki ya tatu nikaanza kusikia kitu kama sindano upande wa kushoto wa kiuno kila mguu wa mbele ulipotua. Nikameza dawa za maumivu, nikanyamaza. Picha ilipokuja kupigwa, pingili ya chini ya mgongo ilikuwa na ufa. Msimu mzima nikawa mbeba maji wa wenzangu.

Ufa ule si wa bahati mbaya. Mguu wa mbele unapotua, ardhi inakurudishia nguvu inayozidi mara tano ya uzito wako, na papo hapo kiuno kinapinda pembeni na kujizungusha. Anayerushia mkono wa kulia, mzigo mkubwa hulala upande wa kushoto wa mgongo. Mifupa ya kijana wa miaka 18 au 20 bado haijakomaa kuubeba mzigo huo ukija kwa mafuriko. Tazama Pat Cummins wa Australia: alicheza mechi yake ya kwanza ya Test, yaani mechi ya kimataifa ya siku tano, mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akang'ara, halafu majeraha, ya mgongo hasa, yakamweka nje ya Test hadi 2017. Kazi ya kila siku mwili huizoea. Kinachouvunja ni kushtukizwa.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompa mrushaji mgeni ni kalamu. Andika kila mpira uliorusha kwa nguvu, wa mechi na wa nyavu pia, maana mgongo haujui kama kulikuwa na watazamaji. Mechi ya T20, ile fupi ya ova 20 kwa kila timu, inakudai ova 4 tu, yaani mipira 24. Mechi ya ova 50 inakudai zisizozidi 10. Mechi ya siku nyingi inaweza kukudai ova 20 kwa siku moja, na kesho unaitwa tena. Mtu aliyecheza T20 miezi miwili, kisha akapandishwa ghafla kwenye mechi ya siku nne, huyo ndiye ninayemwekea alama nyekundu. Na ubaya wa mambo, deni halidaiwi siku hiyo hiyo. Unaweza kurusha ova 50 katika mechi moja, ukatoka ukicheka, maumivu yakaja wiki tatu au nne baadaye wakati wewe umeshasahau.

Ukiona jumla ya wiki hii inakaribia mara mbili ya wastani wa wiki nne zilizopita, nenda kwa mtaalamu wa viungo kabla hajakuita. Hakuna kocha mwenye akili atakayekuona mvivu.

Sasa vyuma. Wageni wengi huingia chumba cha mazoezi wakitaka kifua na mikono, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Mchezo huu unachezwa na nyonga, makalio na misuli ya nyuma ya paja. Misuli hiyo ya nyuma ya paja ndiyo inayochanika mara nyingi kuliko yote, kwa warushaji na kwa wapigaji wanaokimbilia mkimbio wa pili. Dawa yake haina urembo: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole ukiwa umenyooka kama ubao, uanguke kwa mikono mwishoni. Mara chache tu, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Utaichukia. Wiki ya kwanza utashindwa kuteremka ngazi.

Ongeza kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, na mazoezi ya kiwiliwili ya kuzuia kujipinda badala ya yale ya kujikunjakunja. Mabega yafanyie kazi kwa kamba ya mpira kila siku, dakika kumi zinatosha. Kabla ya msimu chumba cha vyuma ni siku tatu kwa wiki. Msimu ukianza ni moja au mbili, lakini isiwe sifuri. Kosa la wengi ni hilo: wanajenga nguvu miezi mitatu, kisha wanaiacha iyeyuke wakati hasa wanapoihitaji.

Mpigaji naye asijidanganye kwamba kazi yake ni mikono na macho. Kati ya mstari na mstari ni mita 17.68, nawe unazikimbia ukiwa na pedi, unafunga breki, unageuka, unarudi. Jifunze kugeukia pande zote mbili. Karibu kila mgeni ana upande mmoja anaougeukia kama lori. Mlinda wiketi, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, ndiye ninayemhurumia zaidi: siku ya ova 90 ni mipira 540, na kwa kila mpira anachuchumaa na kuinuka.

Mtapimwa pia. Jaribio la yo-yo linatumika sana: unakimbia mita 20, unarudi, unapumzika sekunde 10, na kasi inapanda. India iliwahi kuweka alama ya 16.1 kuwa kiwango cha kuingia timu ya taifa. Pita kiwango cha timu yako, kisha ukisahau. Nimeona vijana wakijiandaa kwa jaribio kana kwamba ndiyo mechi yenyewe, wakafika siku ya kwanza ya nyavu miguu imekufa.

Chakula kina kelele nyingi kuliko jambo lolote hapa. Virat Kohli, nyota wa India, amesimulia mara kadhaa jinsi alivyojitazama baada ya IPL, ligi ya T20 ya India, ya 2012 akaamua kubadili ulaji na mazoezi yake, na tangu hapo kila mgeni anataka kula kama Kohli. Anachosahau ni kwamba yule alikuwa mpigaji. Mrushaji anayeogopa wali siku ya kurusha ataishiwa pumzi jioni, na atakapochoka mguu wa mbele utaanza kutua vibaya, tukarudi kwenye ule ufa.

Kanuni yangu ni kula kwa kadiri ya kazi ya siku. Siku ya kurusha sana, wanga ufike gramu 6 hadi 8 kwa kila kilo ya mwili wako. Siku ya mapumziko, 3 hadi 5. Protini haibadiliki: gramu 1.6 hadi 2 kwa kilo kila siku, ukiigawa katika milo minne. Mwenye kilo 80 anahitaji kama gramu 30 hadi 40 kwa mlo, na sahani ya jioni peke yake haiwezi kuzibeba zote. Mlo mkubwa wa asubuhi uishe muda wa saa tatu kabla ya mechi kuanza.

Mapumziko ya mchana ya mechi ndefu ni dakika 40. Mimi niliwahi kuyatumia kushiba sawasawa, maana tulikuwa tunapiga na zamu yangu ilikuwa mbali. Wiketi nne zikaanguka harakaharaka, yaani wapigaji wetu wanne wakatolewa na zamu yetu ya kupiga ikaisha, kabla ya chai nikawa uwanjani na mpira mkononi, na tumbo likawa na maoni yake. Kula nusu ya hamu yako, vitu laini vyenye wanga, mafuta kidogo. Chai ni dakika 20: ndizi, mkate, kinywaji, basi.

Kuhusu maji, jipime kabla na baada ya kucheza. Kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita moja na nusu hivi, taratibu, pamoja na chumvi. Kofia yako ikiwa na mistari myeupe jioni, wewe ni wa kupoteza chumvi nyingi, na maji matupu hayatakutosha.

Vidonge na unga wa kujenga mwili viogope. Shane Warne, mmoja wa warushaji wakubwa kuliko wote, alifungiwa mwaka mmoja mwaka 2003 kwa dawa ya kukojoza maji, akaeleza kwamba kidonge alipewa na mama yake. Haikumsaidia. Daktari wa timu akishakiona kitu na kukikubali, hapo ndipo kiingie mdomoni.

Na mapumziko ya mwisho wa msimu yakifika, wiki mbili za kwanza tupa kila kitu, lala, nenepa kidogo ukitaka. Kuanzia ya tatu, chukua mpira. Rusha ova 3 kwa nguvu ya wastani mara mbili kwa wiki, kisha 4, kisha 5, hata kama hakuna anayekutazama. Ukifika kambini na kumkuta kocha mkuu amesimama nyuma ya wavu, rusha zile 6 ulizopangiwa, vua viatu, ukae.