Mpimeni masikio kwanza

Swali la wiki hii lilikuwa: "Ni tatizo gani la uzeeni ambalo familia zetu hulidharau?" Kwangu mimi ni masikio kuwa mazito. Nimeona linavyomvua mzee nafasi yake nyumbani, bila mtu yeyote kukusudia.

Huanza taratibu. Sauti nyembamba kama s, f, t na sh hupotea mwanzo, irabu zikabaki. Mzee anasikia kuwa unaongea, ila hajui umesema taa, saa au paa. Ndiyo maana hulalamika kwamba watu wananong'ona. Ukimuuliza hili anajibu lile, wajukuu wanacheka, na wakubwa wanaambiana mzee kaanza kuchanganyikiwa.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa vikao. Posa, mirathi, ugomvi wa mipaka ya mashamba, kote aliitwa. Masikio yalipozidi kumsumbua aliendelea kuhudhuria, akiitikia kwa kichwa tu. Baadaye akawa anaelezwa mambo yakiwa yameshaamuliwa. Mwishowe hata barazani akaacha kutoka, na watu wakasema ni uzee.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia. Mwaka 2024, tume ya jarida la Lancet iliuweka upungufu huo katika orodha ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kupunguzwa. Si kwamba kila asiyesikia vizuri atapoteza kumbukumbu, lakini kumwacha mzee akae kimya miaka na miaka si jambo dogo.

Kwa hiyo apimwe. Pengine ni nta tu imeziba, na hiyo huondolewa kliniki (tafadhali, msimchokoe kwa vijiti vya pamba). Zikiwa zimekufa chembe za ndani ya sikio, hazioti tena; hapo anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia, na bei yake, nakiri, inawashinda wengi. Ila kuzima redio, kukaa mbele yake penye mwanga na kusema taratibu hakugharimu kitu. Kumpigia kelele hakusaidii, maneno yanazidi kuvurugika.

Na kwenye kikao, mketisheni karibu na msemaji. Msimuulize "Umesikia, baba?" maana ataitikia tu. Muulizeni yeye anaonaje, kisha msubiri jibu lake kabla ya kuamua.