Dola yangu inang'aa kama kioo: je, ni prufu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimeonyeshwa dola ya fedha ya Marekani, aina ya Morgan, ya mwaka 1881, nyuma ina herufi S. Inang'aa hadi naona pua yangu. Muuzaji anasema ni prufu, na anataka bei ya DMPL (deep mirror prooflike, yaani sarafu ya kawaida yenye kioo kirefu kama cha prufu). Nimlipe? Na yale madoa ya manjano ukingoni, niyasugue?

JIBU: Marahaba. Herufi S ni ya kiwanda cha sarafu cha San Francisco. Prufu za kawaida za dola hizi, zile zilizopigwa maalumu kwa wakusanyaji, zilitoka Philadelphia. Basi muuzaji wako ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Hata hivyo kioo hicho kinaweza kuwa halali. Muhuri mpya wa kupigia sarafu ulisuguliwa hadi ukang'aa, na sarafu za mwanzo kutoka kwenye muhuri huo zikarithi mng'ao. Kadiri sarafu zilivyozidi kupigwa, muhuri ulichakaa na kioo kikafifia. San Francisco ya 1880 na 1881 ilitoa nyingi zenye kioo kizuri, kwa hiyo usikimbizwe na maneno ya "hutaiona tena".

Angalia kwanza shavu la Liberty, yule mwanamke aliye upande wa mbele. Kwenye muhuri, kichwa kimechimbwa ndani, kwa hiyo usuguaji haukukifikia; ndiyo maana huwa cheupe kama kina ukungu, kikielea juu ya kioo. Tapeli anayesugua sarafu yenyewe hugusa kwanza sehemu zilizoinuka. Shavu liking'aa kuliko sehemu bapa zinazolizunguka, iache mezani kwake.

Kisha chukua lenzi. Mistari iliyotokana na kusugua muhuri huonekana imeinuka, na hukomea kwenye herufi bila kuzipanda. Mikwaruzo ya kitambaa imechimbwa, na hukatiza juu ya herufi, nyota na kila kitu.

Ikipita hapo, simamisha sarafu mbele ya maandishi madogo. Yakisomeka vizuri kwenye kioo kutoka sentimita 5 hadi 10, hiyo ni PL (prooflike, ngazi iliyo chini ya DMPL). DMPL inadai kama sentimita 15, tena pande zote mbili. Wengi hupima upande wa kichwa tu na kumsahau tai wa upande wa nyuma. Mimi huanza na tai, maana mara nyingi ndiye anayeangusha bei.

Michubuko midogo isikutishe. Dola hizi zilihifadhiwa kwenye magunia ya 1,000, zikigongana, na kioo huanika kila kovu. Binafsi naipenda zaidi yenye makovu machache na kioo kirefu kuliko safi yenye kioo hafifu.

Madoa usiyaguse. Ukisugua mara moja tu, lenzi itaonyesha mikwaruzo ileile ya tapeli.

Kwa muuzaji, tai asipofika sentimita 15, mpe bei ya PL. Akikataa, tafuta 1881-S nyingine.